Mtoto anaposema amechoka kuishi

*Mahakama Kuu ya Kenya ilishaamua kwamba aliyejaribu kujiua si mhalifu. Lakini madarasani, mabwenini na sebuleni, mtoto aliyekata tamaa bado hukutana na fimbo au mahubiri kabla ya kukutana na mtu wa kumsikiliza.*

Ni saa nne kasoro usiku. Wanafunzi wametoka prepu, taa za bweni zinazimwa moja moja, na mwalimu wa Kiswahili amebaki chumba cha walimu na rundo la madaftari ya kidato cha pili. Kichwa cha insha kilikuwa "Siku ambayo sitaisahau". Wengi wameandika kuhusu harusi, ajali za matatu na safari za Mombasa. Mmoja ameandika kuhusu mazishi ya baba yake. Mwandiko ni mzuri na hoja zimepangwa, mpaka aya ya mwisho: tangu siku ile, anasema, haoni sababu ya kuamka asubuhi, na mama angekuwa na mzigo mwepesi kama yeye asingekuwepo.

Kalamu nyekundu iko mkononi. Mwalimu afanye nini?

Akilipeleka daftari kwa naibu wa mwalimu mkuu, huenda kijana akajikuta mbele ya kamati ya nidhamu. Akimpigia mama simu, huenda mama akaja na mchungaji, au asije kabisa kwa kukosa nauli. Akimwita kijana mwenyewe, hajui aanzie wapi, na anaogopa kwamba neno moja likimponyoka litaharibu zaidi. Lililo jepesi ni kumpa kumi na tano kwa ishirini na kufunga daftari.

Mwalimu huyu anaweza kuwa wa shule yoyote. Dalili humjia ndani ya insha, ndani ya mchoro, kwenye karatasi iliyookotwa chini ya kitanda, au kwenye ujumbe wa WhatsApp uliotumwa usiku wa manane na kufutwa kabla hakujapambazuka. Ni nadra mtoto kusema waziwazi kwamba anataka kufa. Husema "nimechoka". Husema "mtapumzika nikiondoka". Na sisi watu wazima, kwa kuwa nasi tumechoka, humjibu: kachoke kitandani, kesho kuna shule.

Ukubwa wa jambo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Shirika hilohilo linasema mtu mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili.

Kenya ina picha yake yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliofanywa nchini na kituo cha utafiti cha APHRC na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba zaidi ya 44 kati ya kila vijana 100 walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika kipindi cha mwaka mmoja. Kiasi cha 12 kati ya 100 walifikia kiwango ambacho daktari angekiita ugonjwa.

Tanzania nayo ilijitazama kwenye kioo mapema. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa au kutishwa kwa silaha. Anayetaka kujua kukata tamaa kwa watoto kunatoka wapi asianzie kwenye simu na mitandao. Aanzie hapo.

Hata hivyo sababu huwa haiwi moja. Magazeti yetu, na nasema hivi nikiwa ndani ya kazi hii, yamezoea kuandika kwamba mwanafunzi amejiua "kwa sababu ya" alama za mtihani au "kwa sababu ya" kunyimwa simu. Mtihani huwa ni tone la mwisho tu. Nyuma yake kuna msiba ambao mtoto hakuruhusiwa kuulilia, kuna mjomba ambaye hakuna anayethubutu kumtaja, kuna karo iliyomrudisha nyumbani kila muhula mbele ya wenzake, kuna sonona ambayo hakuna aliyeitambua. Kichwa cha habari chenye sababu moja kinamwambia mtoto mwingine mwenye alama hizohizo kwamba njia ni hiyo.

> Anayetaka kujua kukata tamaa kwa watoto kunatoka wapi asianzie kwenye simu na mitandao.

Kosa la jinai lililorithiwa

Kwa miongo mingi, mtu aliyejaribu kujiua Kenya na akanusurika aliweza kutolewa wodini na kupelekwa kortini. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililiita jaribio hilo kosa, na adhabu yake ilifika hadi kifungo cha miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Ni sheria iliyoletwa na mkoloni. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi tukabaki nalo.

Mwaka 2020, jopo kazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza kosa hilo lifutwe, na likataka afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba: kinambagua mtu kwa hali ya afya yake, kinamvunjia heshima na kinamnyima haki ya matibabu. Waliofungua kesi walikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwanaharakati mmoja.

Kuna waliosikitika. Hoja yao ni kwamba sheria, hata isipotumika, humtia mtu woga, na kuiondoa ni kama kusema kujiua si neno. Inafaa kuisikiliza hoja hii, kwa sababu wengi wanaoitoa ni wazazi wenye hofu ya kweli. Ila mtu aliyefika mahali pa kutaka kufa hazuiwi na jela. Anayezuiwa ni yule aliyenusurika na sasa anahitaji daktari. Anayezuiwa ni mama anayefika hospitalini na mwanawe mikononi na kusema "ni ajali", kwa sababu akisema kweli ataulizwa na polisi. Daktari anaandika ajali, anatibu ajali, na mtoto anarudishwa nyumbani na lile lililomfikisha pale likiwa halijaguswa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sheria hii iliwalazimisha watu kuficha.

Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, imeendelea kulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wabunge wa Dodoma hawana haja ya kusubiri mahakama iwafanyie kazi hiyo.

"Anadeka tu"

Sheria inaweza kubadilika asubuhi moja. Majibu ya nyumbani hayabadiliki upesi hivyo, na yapo matatu yanayosikika kila mahali.

La kwanza ni "anadeka". Sisi tulichapwa, tulienda shule pekupeku, tulilala njaa, na tukawa watu. Anayesema hivi mara nyingi anasema kweli kuhusu maisha yake. Asichokisema ni wale wa rika lake ambao hawakuwa watu, waliozikwa haraka na majina yao yakaacha kutajwa. Kwa kijana, sonona mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira, ukali, kugombana na kila mtu, kushuka darasani, kulala mchana kutwa au kutolala kabisa. Kwa mtoto mdogo huja na tumbo linalouma kila Jumatatu na kichwa kisichosikia dawa. Anaweza kuacha mpira aliokuwa akiupenda, au kuanza kugawa vitu vyake: leo kitabu, kesho viatu, keshokutwa redio. Kijana aliyekuwa na majonzi kwa wiki nyingi akituliza uso ghafla, huku anaaga watu kwa upole usio wake, si lazima awe amepona. Huo ndio wakati wa kumkaribia zaidi.

Na wavulana tunawapoteza kwa sababu tumewafundisha kunyamaza. Duniani kote, wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake, ingawa wasichana ndio wanaojaribu mara nyingi zaidi. Mvulana wa miaka kumi na minne aliyeambiwa kaburini kwa baba yake kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba, asilie, amekabidhiwa mzigo ambao mjomba wake wa miaka hamsini angeushindwa.

Jibu la pili ni fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu kwa masharti. Kote kuwili, mtoto aliyeandika barua ya kuaga anaweza kuadhibiwa kwa "kuleta mikosi" au "kutisha wenzake". Atakachojifunza hapo ni kutoandika tena.

La tatu ni dini, na hapa nataka kwenda polepole, kwa kuwa kwa familia nyingi za ukanda huu mlango wa kwanza wanaoubisha ni wa kanisa au msikiti, na mara nyingi ndio ulio karibu. Uislamu na Ukristo zinakataza kujiua. Hilo halina ubishi. Lakini sheria ya Kiislamu haimwandikii dhambi mtoto asiyebalehe wala aliyepotewa na akili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inasema maradhi makubwa ya nafsi, uchungu au hofu kuu hupunguza lawama ya mtu, na kwamba waumini wasikate tumaini juu ya wokovu wa waliokufa hivyo. Kiongozi wa dini anayejua haya anaweza kumshika mtoto mkono, akamwombea, kisha akampeleka zahanati siku hiyohiyo. Anayeanza na moto wa jehanamu anamthibitishia mtoto kile ambacho tayari anakiamini: kwamba hata Mungu amemchoka.

> Mtoto aliyeandika barua ya kuaga akiadhibiwa, atakachojifunza ni kutoandika tena.

Uliza bila kuzunguka

Hofu kubwa ya mwalimu wetu na daftari lake ni hii: nikitaja kujiua, nitampa wazo. Hofu hii imechunguzwa. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kazi yao na wanafunzi zaidi ya 2,300 katika shule sita za sekondari jimbo la New York. Nusu waliulizwa moja kwa moja kuhusu mawazo ya kujiua. Nusu nyingine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao, wala hawakuwa na dhiki zaidi. Wale waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu kujiua, kuulizwa kulionekana kuwapunguzia dhiki.

Kwa hiyo mwalimu amwite kijana, si ofisini mbele ya walimu wengine, bali chini ya mti, uwanjani, mahali ambapo wanaonekana lakini hawasikiki. Aseme alichokisoma. Aseme kwa lugha ya kawaida:

"Nimesoma insha yako. Pole sana kwa baba. Ile aya ya mwisho imenikaa moyoni. Wakati mwingine mtu akiwa na uchungu mwingi hufikiria kujiua. Na wewe umewahi kufikiria hivyo?"

Kisha anyamaze. Huo unyamavu ndio mgumu kuliko maneno yote, kwa sababu mtu mzima anataka kuujaza na ushauri. Asiujaze. Kijana akijibu "ndiyo, mwalimu", jibu si "usiseme hivyo" wala "fikiria mama yako". Mama yake ndiye ambaye kijana humfikiria usiku kucha. Jibu ni "asante kwa kuniambia", na swali linalofuata: mawazo hayo yanakuja mara ngapi, na je, amefikiria ni lini au kwa namna gani? Si udadisi. Mwenye mpango yuko katika hatari ya karibu, na hapaswi kuachwa peke yake hata kwenda chooni, mpaka afike kwa mhudumu wa afya.

Kuna ahadi moja asiyopaswa kuitoa: "sitamwambia mtu". Badala yake anaweza kusema, "Hili siwezi kulibeba peke yangu, lakini sitamwambia yeyote kabla hatujakubaliana mimi na wewe tumwambie nani na tumwambieje." Kama nyumbani ndiko kwenye hatari, kama anayemdhuru ni baba wa kambo au shangazi, basi simu ya kwanza haiendi nyumbani. Inaenda ofisi ya watoto au ustawi wa jamii.

Na nyumbani kuna kazi ya mikono. Dawa za hospitali, dawa za shambani na kila kinachoweza kumdhuru kifungiwe au kitolewe kabisa. Wazazi wengine hudhani ni kupoteza muda, kwamba aliyeamua ameamua. Sivyo ilivyo. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi, na anayevushwa katika saa hizo anaweza kuishi mpaka uzeeni. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, kiwango cha watu kujiua nchini kilishuka kwa karibu asilimia 70, na watafiti wanakadiria kwamba maisha 93,000 yaliokolewa kati ya 1995 na 2015.

Namba ya bure, simu hakuna

Kenya na Tanzania zote zina namba 116, ya bure, kwa ajili ya watoto. Ni jambo jema kabisa. Lakini fikiria mwanafunzi wa bweni. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na akikutwa nayo inachukuliwa. Namba imebandikwa ukutani. Cha kupigia hakipo. Akiitaka simu ya shule lazima aende kwa matroni au kwa mwalimu wa zamu, aeleze anampigia nani na kwa nini, huku foleni ya wenzake inasikiliza nyuma yake.

Wizara za elimu zinaweza kuliondoa tatizo hili kwa waraka wa ukurasa mmoja: kila shule ya bweni iwe na simu moja, katika chumba kimoja chenye mlango, ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia kupiga 116 bila kutoa maelezo. Haigharimu hata bei ya basi la shule.

Halafu kuna mwalimu wa ushauri nasaha. Mara nyingi huyo ni mwalimu kama wengine, ana vipindi vyake vya hisabati, na katika shule nyingine ndiye huyohuyo mwenye kamati ya nidhamu. Mtoto hawezi kumfungulia moyo saa nne mtu atakayemhukumu saa sita. Kazi hizi mbili zitenganishwe, na mwenye ushauri nasaha apunguziwe vipindi.

Wakubwa wao kidogo

Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache, na wamejazana mijini. Kusubiri wafike kila tarafa ni kukubali kuzika kizazi. Ndiyo maana nayapa uzito majaribio yanayowatumia watu wa kawaida waliofunzwa.

Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, huwafunza vijana waliomaliza sekondari, wa miaka 18 hadi 22, waendeshe vikundi shuleni: vikao vinne, kila kimoja saa moja, kuhusu kuamini kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu yale ambayo mtu anayathamini maishani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, ulikuta kwamba waliopitia vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kijana wa miaka ishirini aliyekaa kwenye dawati lilelile, akala githeri ileile, akaogopa mtihani uleule, husikilizwa tofauti na mtu mwenye koti jeupe.

Ulaya nako, mpango wa shuleni wa kuwafundisha vijana kuitambua dhiki yao na ya wenzao ulijaribiwa kwa wanafunzi zaidi ya 11,000 katika nchi kumi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, majaribio ya kujiua na mawazo mazito ya kujiua yalipungua kwa karibu nusu.

Vikao hivi havichukui nafasi ya hospitali kwa mtoto mwenye mpango wa kujiua. Vinawafikia wale mia kabla mmoja wao hajafika huko.

Anaporudi darasani

Sehemu tunayoisahau kabisa ni ile ya baada ya wodi. Mtoto ametibiwa, ameruhusiwa, amerudi shule na sare yake. Wote wanajua. Wengine wanamkwepa, wengine wanamtania, walimu wanajifanya hakuna kilichotokea. Wiki hizo za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, kwa kuwa aliyewahi kujaribu kujiua ndiye anayeelekea zaidi kujaribu tena.

WHO ilifuatilia watu 1,867 wa rika mbalimbali waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua, huko Brazili, India, Sri Lanka, Irani na China. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata matibabu hayo pamoja na mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka, kisha simu au ziara tisa katika muda wa miezi kumi na minane, za kuuliza tu hali na kumwelekeza mtu pa kwenda. Katika kundi la kwanza, 2.2 kati ya kila 100 walikufa kwa kujiua. Katika la pili, 0.2.

Simu tisa. Mwalimu wa darasa, shangazi, katibu wa jumuiya ndogondogo, mama wa chama, yeyote kati yao anaweza kuzipiga. Zinahitaji daftari lenye tarehe, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kwamba kazi hiyo ni yake: wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi, miezi miwili, hata pale ambapo mtoto anacheka na kila mtu amesahau.

Pa kupiga simu

Kenya: 116, huduma ya simu kwa watoto, bila malipo, saa 24. Pia 1199, huduma ya ushauri nasaha ya Shirika la Msalaba Mwekundu, bila malipo. Tanzania: 116, bila malipo. Mzazi, mwalimu au rafiki anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto. Hatari ikiwa ya papo hapo, mkae naye na mumpeleke hospitali iliyo karibu, mchana au usiku.